Klia na dikali kwenye Spitfire ya 1/72: jinsi ya kufanya alama zionekane zimepakwa, sio zimebandikwa

Wadau wa modeli za ndege za plastiki, hii ni kwa wale ambao wameshamaliza kupaka rangi, ndege imependeza, alafu wanabandika dikali (zile stika nyembamba za alama zinazolowekwa kwenye maji) inaharibika mbele ya macho yao. Mimi nimepita huko. Spitfire yangu ya kwanza (ndege ya kivita ya Uingereza), ile ndogo ya kampuni ya Airfix ya skeli 1/72, yaani ndogo mara 72 kuliko ndege halisi, ambayo ukipima ncha ya bawa mpaka ncha ya bawa haifiki hata sentimita 16, niliipaka wiki nzima usiku usiku baada ya kazi, nikabandika zile duara za jeshi la anga la Uingereza moja kwa moja juu ya rangi ya mati, ile isiyong'aa, nikalala na furaha zangu. Asubuhi nafungua boksi nakuta kila duara imezungukwa na kitu kinametameta kama mtu amemparua samaki hapo akasahau kufuta magamba.

Wenzetu wanaiita silvaringi. Na sababu yake ni rahisi sana ukishaijua. Rangi ya mati ukiiangalia kwa lenzi sio laini, ina vilima na mabonde kama ukuta uliopigwa plasta lakini haujapigwa skimu. Dikali ni utando mwembamba tu, ukiulaza hapo unakaa juu ya vilima, mabondeni inabaki hewa, mwanga ukipiga ile hewa unarudi na ndo unaona ile fedha. Kwaiyo tatizo halikuwa dikali wala gundi yake, nilibandika kwenye ukuta ambao haujapigwa skimu. Klia ya glosi, yaani vanishi isiyo na rangi inayong'aa, ndo skimu yenyewe.

Mpangilio mzima uko hivi: rangi, subiri, klia ya glosi, subiri, dikali, subiri, glosi nyepesi tena, woshi (rangi nyepesi ya kukoleza mistari), alafu klia ya mati ya mwisho. Neno subiri limetokea mara tatu na sijakosea kuandika.

Kabla ya yote, ujue una klia gani mkononi

Hapa ndo watu wengi tunaumia maana chupa zote zinafanana na zote zimeandikwa akriliki. Kuna akriliki za maji, mfano za kampuni ya Vallejo, hizi unazimua kwa maji kidogo au thina yao wenyewe. Alafu kuna akriliki za alkoholi, mfano za kampuni ya Tamiya, klia yao ya glosi ni X-22 na thina yake ni X-20A. Usizichanganyie thina hata siku moja! Ukitia alkoholi kwenye Vallejo inageuka mlenda, na kama umeshaimwaga kwenye kikombe cha eabrashi (kile kibunduki kidogo cha kupulizia rangi kwa hewa) basi usiku huo utakesha unatoboa nozeli kwa sindano.

Kama huna eabrashi na unatumia brashi ya mkono, X-22 juu ya rangi za Tamiya itakusumbua, kwa sababu alkoholi ile ile iliyoko kwenye klia inailainisha rangi ya chini, ukipitisha brashi mara ya pili unaivuta rangi yako inakuja nayo. Kwa brashi chukua klia ya maji. Brashi bapa, laini, kubwa kuliko unavyodhani unahitaji, unapita mara moja kwa mwelekeo mmoja na hurudi nyuma. Hata ukiona umeacha sehemu kavu, iache, utaikuta kwenye mkono wa pili, yaani tabaka la pili. Mikono miwili mitatu myembamba inatosha.

Na sasa niwaambie aibu yangu. Shemeji aliniletea chupa kutoka safarini, Tamiya X-21, imeandikwa Flat Base. Mimi nikajua hii ndo mati yenyewe nimepata, nikaimwaga kwenye eabrashi kama ilivyo nikaipiga kwenye ndege nzima. Ilipokauka ilikuwa kama imemwagikiwa unga wa sembe. X-21 sio klia jamani! Ni kitu cha kuongeza kidogo tu kwenye rangi ya glosi ili ipunguze kung'aa. Klia ya mati iliyo tayari ni XF-86. Sikusoma boksi, kosa langu, lakini tangu siku hiyo kila klia mpya naijaribu kwanza kwenye kijiko cha plastiki. Nunua vile vijiko vya aiskrimu pakiti moja, vipake rangi ile ile uliyopaka ndege yako, viweke pembeni. Kila kitu kipya kinaanzia kwenye kijiko.

Klia za kopo la kupuliza ni nzuri ila kuna mambo mawili. Kwanza kwa sisi tunaoagiza nje, makopo ya kupuliza hayapandi ndege kirahisi kwa sababu yana gesi inayoshika moto, kwaiyo usishangae oda yako ikikataliwa, na usimwambie ndugu yako ayafiche kwenye begi utamletea matatizo. Pili, ukiamua kutumia klia ya gari ya dukani kama nilivyofanya mimi siku moja, ujue ile ni kali, ikilowanisha dikali inazikunja kabisa. Inabidi upulize kwa mbali kama vumbi tu, ikauke, tena kama vumbi, na hata hapo kijiko kwanza.

Hatua ya kwanza: rangi ikauke, na nikisema ikauke namaanisha ikauke

Ukiigusa haishiki kidole haimaanishi imekauka ndani. Njia yangu ni pua. Isogeze puani unuse, kama bado inanukia rangi bado kuna kitu kinatoka, iache. Kwa Dar kipindi cha kaskazi siku moja inatosha, masika naacha mbili, na kuna mwezi wa nne mmoja niliacha tatu maana nguo zenyewe kwenye kamba zilikuwa hazikauki. Ifunike na kontena la plastiki, acha uwazi mdogo chini hewa ipite, vumbi na sisimizi wasipite.

Kabla ya klia futa mafuta ya vidole kwa kitambaa kisichotoa manyoya, kimeloweshwa kidogo tu.

Hatua ya pili: glosi

Nilijifunza kupuliza klia kwa fundi mmoja wa gereji anayepiga rangi daladala, sio kwenye video. Nilikuwa nimesimama namwangalia akaniambia, "Mdogo wangu, mkono wa kwanza ni wa kumsalimia tu, usimkumbatie." Basi ndo hivo hivo kwenye kidege cha sentimita 16. Mkono wa kwanza ni ukungu mwepesi, uso unaonekana kama una jasho dogo dogo. Subiri dakika kumi au kumi na tano. Wa pili ndo unalowanisha, lakini unasogea muda wote, ukisimama sehemu moja inachuruzika na mchirizi wa klia unatafuta kona ya bawa na kiwiliwili ujikusanye hapo.

Mimi natumia nozeli ya milimita 0.3, presha kama 15 mpaka 20 psi, umbali sentimita 10 hadi 15, na X-22 nazimua nusu kwa nusu na X-20A. Wengine wanaweka thina zaidi, sawa tu, kijiko kitakwambia.

Utajuaje imetosha? Ishike chini ya taa. Kama unaona umbo la globu limejichora juu ya bawa na kingo zake zinaeleweka, umefika. Kama unaona doa jeupe tu lililotawanyika, bado kuna vilima, ongeza mkono mmoja. Sehemu ambazo huwa zinasahaulika ni zile pembeni ya kiwiliwili nyuma ya bawa, na hapo ndo duara kubwa inakaa, kwaiyo geuza ndege uangalie vizuri.

Sasa unyevu. Sisi wa pwani hili ni letu. Klia za kopo na zile zenye thina kali, ile thina inapokauka inapoza uso wa modeli, na hewa yetu imejaa maji, basi maji yanajikusanya kama umande hapo juu ya klia ambayo haijakauka na inabaki na utusitusi mweupe kama kioo cha gari asubuhi ya mvua. Ukiona hivo usianze kufuta. Iache ikauke, subiri siku kavu, piga tena mkono mwepesi wa glosi, mara nyingi ule weupe unayeyuka wenyewe. Klia za maji hazifanyi hivo sana, zenyewe zinachelewa tu kukauka na kubaki zinanata. Mimi napuliza kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, kamwe sio usiku wala alfajiri, hata kama ndo muda pekee nyumba imetulia. Mwenye chumba cha kiyoyozi ameshinda tayari, akaushie humo. Dirisha wazi wakati wa kupuliza, vaa barakoa ile ya kuchuja mvuke kama unayo, na jiko la gesi lizimwe, sio jambo la utani.

Baada ya hapo, usiku mzima. Nusa tena.

Hatua ya tatu: dikali

Andaa kisahani cha maji ya uvuguvugu, kibano (cha nyusi kinafaa kama hakina meno), brashi ndogo laini, tishu, pamba za masikio na wembe mpya. Dawa za dikali ziko mbili na watu wanazichanganya. Micro Set unaweka chini kabla dikali haijakaa, inasaidia ishike. Micro Sol unaweka juu baadae, hii inailainisha dikali yenyewe mpaka inalala kwenye mistari ya bodi, ile mifereji midogo inayoonyesha maungio ya mabati ya ndege. Ukikosa Micro Set, siki nyeupe ya dukani iliyopunguzwa na maji inafanya kazi hiyo vizuri tu, harufu ya kachumbari nyumba nzima lakini inafanya. Micro Sol kwa kweli sijapata mbadala wa jikoni ninaouamini.

Kata dikali moja tu. Nasema moja, sio saba zikiwa zinaelea kwenye sahani kama dagaa. Kata karibu na mchoro, maana ule utando wa wazi unaozidi pembeni ndo wa kwanza kuonekana. Ichovye sekunde kumi hadi ishirini, itoe, ilaze juu ya tishu. Usiiache ndani ya maji mpaka ijitoe yenyewe, ile gundi ya nyuma yote itabaki kwenye maji. Subiri kama dakika moja, iguse kwa ncha ya brashi, ikiteleza kidogo juu ya karatasi iko tayari. Ikigoma, subiri tena, usilazimishe.

Wakati inasubiri, lowanisha sehemu yake kwenye ndege kwa Micro Set au siki, kadimbwi kadogo. Sasa beba karatasi na dikali yake kwa kibano, sogeza karatasi mpaka ukingo wake uguse ndege pale pale inapotakiwa kukaa, alafu kwa brashi yenye maji isukume dikali itoke kwenye karatasi iende kwenye ndege. Dikali isipae hewani. Ukiinyanyua kwa kibano inajikunja kama karanga ya maganda, na kuikunjua tena ni nusu saa ya maisha yako.

Ikiwa bado inaelea una kama dakika moja mbili ya kuiweka sawa. Duara usiiangalie kwa makadirio, tumia mistari ya bodi, hesabu kutoka ukingo wa bawa pande zote mbili, alafu ishike ndege mbele yako uitazame kutoka upande wa pua ya ndege, macho yanaona upinde ambao rula haioni. Kwa Spitfire ya mwaka 1940, juu ya mabawa duara ni nyekundu na bluu tu, zile za kiwiliwilini ndo zina pete ya njano nje. Nimewahi kuona mtu kaweka zenye njano juu ya mabawa, kazi safi kabisa, lakini anayejua ataangalia hapo hapo.

Ikishakaa, bonyeza tishu yenye unyevu kuanzia katikati kwenda nje, taratibu, unatoa maji na hewa. Usifute, bonyeza. Subiri dakika chache alafu paka Micro Sol juu kwa brashi.

Na hapa ndo mtihani wa roho. Dakika moja mbili baadae dikali itaanza kujikunjakunja kama utando wa maziwa yaliyochemka. Utaona imeharibika. Mkono utawasha uiguse uinyooshe. USIIGUSE. Imelainika kama utando wa maziwa kweli, ukiigusa inachanika na hakuna ya akiba kwenye boksi. Ondoka, nenda kapike chai, rudi baada ya saa moja utakuta imelala chini yenyewe na mistari ya bodi inaonekana imepita ndani ya duara kama vile rangi. Kama mistari bado haijatokea vizuri rudia Micro Sol, hata mara tatu kwa dikali nene.

Fanya upande mmoja wa ndege, acha ukauke, ndo ugeuze. Mimi niliwahi kufanya juu na chini siku hiyo hiyo nikaja kukuta duara la chini limehamia kwenye tishu. Yale maandishi madogo ya mafundi wa ndege, yale ya kusomwa na siafu, weka mwisho, na kama umechoka ruka baadhi, hakuna polisi.

Dikali za boksi la zamani zina mambo yake. Zikiwa za njano kwa uzee, zibandike na solotepu kwenye dirisha linalopigwa na jua siku kadhaa, ule unjano unapungua, ndani ya mfuko wa plastiki ili zisipate umande. Zikiwa zimekauka sana jaribu kwanza ile usiyoihitaji, ikipasuka vipande vipande kwenye maji basi zote zilizobaki zipige mkono mmoja wa klia zikiwa bado kwenye karatasi, zikauke, alafu ukate kabisa kuzunguka mchoro kwa sababu sasa zote ni utando mmoja.

Kama pamoja na yote hayo bado kuna kimfuko cha hewa kinang'aa, chukua pini, toboa vitundu viwili vitatu hapo, weka tone la Micro Sol liingie ndani, bonyeza kidogo. Mara nyingi inapona. Fanya hivo kabla ya klia inayofuata, ukishaifunika hakuna namna.

Hatua ya nne: safisha, ziba, woshi

Siku inayofuata pitisha pamba ya masikio yenye maji safi kuzunguka kila dikali. Kuna gundi na alama za siki zimekauka pale, huzioni sasa, zinaonekana ukishapiga mati na zinabaki milele kama alama ya kikombe kwenye meza. Ikauke. Alafu mkono mmoja mwepesi wa glosi juu ya kila kitu, kufunika kingo za dikali ili woshi isipenye chini yake.

Woshi yenyewe sitaki kukaa sana, rangi ya mafuta ya kahawia iliyokolea ikazimuliwa na waiti spiriti mpaka iwe kama chai ya rangi, unagusa tu mstari wa bodi kwa ncha ya brashi inakimbia yenyewe. Kwenye uso wa glosi inakimbia, kwenye mati inatawanyika kama wino kwenye tishu, sababu nyingine ya kupiga glosi. Futa ziada baada ya nusu saa hivi. Waiti spiriti haiumizi klia ya akriliki ikiwa imekauka sawasawa, ndo maana nasisitiza hizo siku.

Hatua ya tano: mati

Ziba kioo cha rubani kwanza kwa masking tepu, kingo zote ubonyeze kwa ukucha. Mati ikiingia kwenye kioo, rubani ataruka kwenye ukungu milele.

Klia ya mati ina chembe chembe ndogo ndani zinazotawanya mwanga, na zinazama chini ya chupa. Usipokoroga unapata glosi mbovu juu ya chupa na unga chini. Koroga kwa kijiti taratibu dakika nzima, kutikisa kunaleta mapovu. Zimua zaidi ya ulivyozimua glosi, piga mikono myembamba, acha kila mmoja ukauke kabla hujaamua kama unahitaji mwingine, kwa sababu mati ikiwa mbichi inang'aa na inakudanganya uongeze. Chembe zikijaa kwenye pembe ndo unaona weupe. Ukitokea, piga glosi tena hapo, weupe mwingi unapotea, alafu urudie mati kwa mkono mwepesi. Rangi pia zinabadilika, glosi ilizifanya zikolee, mati inazipausha kidogo, usiogope. Ukiona imekauka mno kama chokaa, changanya mati na glosi za kampuni ile ile upate kitu cha kati, mimi kwa ndege za vita naipenda zaidi hiyo.

Ya pili yangu niliifuata hivi hivi, ilichukua siku tisa, nyingi zikiwa za kuangalia tu. Nilipobandua tepu ya kioo mtoto wa jirani alikuwa amesimama mlangoni, akasogea, akaniuliza, "Anko, hizi duara umechora na kifuniko cha soda?" Nikamwambia ni stika. Hakuamini, akanyoosha kidole apitishe ukucha atafute ukingo, nikamdaka mkono hewani maana mati ilikuwa na saa nne tu tangu nipige.